Daraja: kipa wetu na filamu iliyokuja kumtetea

Mbuzi tulimla Jumatatu. Alikuwa mbuzi wa mshindi wa pili, beberu jeusi lenye ndevu, na kamati ilimchinja nyuma ya kibanda cha video kilicho karibu na stendi ya bodaboda, mtaani kwetu hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wachezaji kumi na mmoja walioanza fainali walifika kumi. Wa kumi na moja hakuitwa. Siku hiyo ndipo nilipolisikia jina lake jipya kwa mara ya kwanza, likitoka katika kinywa kilichojaa nyama: Daraja.

Nakiandika kisa hiki kwa kuwa nimo ndani yake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na pia ni katibu wa kamati ya timu. Nilitaka kumtetea mtu, nikatumia filamu, nikamwongezea mzigo. Ni vizuri kueleza ilivyokuwa, hatua kwa hatua, kabla kila mtu hajabaki na toleo lake.

Mechi yenyewe

Ilikuwa fainali ya kombe la mtaa, mwezi wa Januari, kiangazi kimeukausha uwanja mpaka changarawe zinaruka mchezaji akikanyaga. Bingwa anapewa ng'ombe na anayemfuatia anapewa mbuzi. Kikombe chenyewe ni cha kupigia picha tu. Tulifungwa 2-1. Bao la pili liliingia dakika ya 88: shuti la chini, wala si kali, limepigwa nje ya kumi na nane. Kipa wetu aliinama, akatanguliza mikono, mpira ukagonga tuta na kupita katikati ya miguu yake. Tobo. Kiungo akipigwa tobo ni aibu ya dakika moja. Kipa akipigwa tobo dakika ya 88 ya fainali, anabatizwa.

Nina tabia ya kuandika mechi kwenye daftari, ugonjwa wa ualimu. Daftari la siku ile linasema: dakika ya 20 mshambuliaji wetu alipaisha penalti juu ya mwamba. Dakika ya 51 kona yao iliwakuta mabeki wetu wawili wakibishana nani amkabe nani, na yule waliyekuwa wakibishania akafunga kwa kichwa. Dakika ya 63 tulisawazisha. Dakika ya 70 hivi kocha alimtoa kiungo aliyekuwa bado na pumzi, akamwingiza mpwa wa mtu aliyetununulia jezi. Kipa aliokoa mara nne, mbili kati ya hizo akiwa amebaki uso kwa uso na mshambuliaji, tena kwa glavu alizonunua kwa pesa yake baada ya kamati kuahidi kumrudishia. Na baada ya lile tobo bado tulipata kona mbili. Zote zilipita kichwani mwa kila mtu zikatoka upande wa pili.

Hakuna siri hapo. Uwanja mzima uliyaona. Lakini jioni ile, kuanzia uwanjani mpaka kwa wakaanga chapati, nilisikia dakika moja tu ikisimuliwa. Zile 87 za mwanzo zilikuwa zimefutwa kama ubao baada ya kipindi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kipa huyu ni Mkongo. Alivuka mpaka kutoka upande wa Aru akiwa kijana, anaendesha bodaboda, na Kiswahili chake ni kile cha Ituri ambacho wanafunzi wangu hupenda kukiiga. Misimu miwili alikuwa "kipa wetu". Alipodaka penalti katika nusu fainali alibebwa mabegani kutoka uwanjani mpaka stendi. Baada ya fainali akawa "yule Mkongo". Wiki ya pili ikazuka habari kwamba aliuza mechi kwa elfu hamsini. Nani alimpa, wapi, nani aliona? Hakuna. Watoto wakatunga kawimbo. Abiria wakawa wanamsimamisha: "Daraja, nivushe mpaka sokoni!" Anacheka, anawavusha, anapokea pesa yake. Mazoezini hakurudi.

Usiku wa filamu

Kibanda chetu kinaonyesha mechi za Uingereza Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine ni filamu zilizotafsiriwa na VJ, yule msimuliaji anayezungumza juu ya sauti za waigizaji, anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani. Kule Kampala kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda. Hapa kwetu benchi moja linaweza kuwa na Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mkongo na mtu wa Sudan Kusini, kwa hiyo VJ wetu anasema Kiswahili. Katiba yetu ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likalirudia jambo hilo Julai 2022 kwa kishindo. Kibandani kilikuwa rasmi zamani, tena bila kishindo.

Nilimwomba mwenye kibanda anipe Alhamisi moja. Filamu niliyochagua ni *Catching Hell* ya Alex Gibney, iliyotoka mwaka 2011. Inahusu besiboli, mchezo ambao hapa kwetu ni wachache wanaoujua, na mimi niliona hiyo ni faida: hakuna atakayekuwa na timu ndani yake, kila mtu ataona haki kwa jicho safi. Nilimpigia kipa simu mwenyewe. Nikamwambia, njoo, nataka watu waone kitu. Alikuja, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia imeshushwa.

Kiini cha filamu ni usiku wa tarehe 14 Oktoba 2003, uwanja wa Wrigley Field, Chicago. Cubs, timu ya nyumbani, ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1908 na haijafika fainali tangu 1945. Usiku ule wanaongoza 3-0 dhidi ya Florida Marlins, zamu ya 8 kati ya 9, na wanahitaji kuwatoa wapinzani watano tu ili waingie fainali. Luis Castillo wa Marlins anapiga mpira unaokwenda pembeni, unashuka ukingoni mwa jukwaa. Moisés Alou wa Cubs anaruka ukutani kuudaka. Mashabiki kadhaa nao wananyoosha mikono, kwa sababu mpira unaokuangukia jukwaani ni wako kwa desturi ya mchezo ule. Mkono unaougusa ni wa kijana wa miaka 26 mwenye kofia ya Cubs na vipokea sauti masikioni, anaifuatilia mechi redioni huku anaiangalia. Anaitwa Steve Bartman. Mpira haukudakwa. Katika zamu hiyo hiyo Marlins walipata pointi 8, mechi ikaisha 8-3. Kesho yake ilikuwapo mechi nyingine ya kuamua, Cubs wakaongoza tena 5-3, wakafungwa 9-6.

VJ wetu alikuwa na kazi ngumu. Besiboli unaieleza vipi kwa watu ambao hawajawahi kuiona? Akaanza na kwepena, mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira, akasema hii ni kwepena ya wanaume wenye mishahara, ila anayekwepa kapewa gongo. Ikaeleweka! Akasema Cubs ni Arsenal ya Marekani, vijana wa Arsenal wakanuna, wengine wakapiga makofi. Nikajiambia mambo yanakwenda sawa.

Lakini filamu haianzi na Bartman. Gibney ni shabiki wa Boston Red Sox, na anaanzia kwenye kidonda chake mwenyewe: tarehe 25 Oktoba 1986, Shea Stadium, New York. Mpira wa Mookie Wilson unabingirika taratibu kuelekea kwa Bill Buckner wa Boston. Buckner anainama, anatanguliza glavu, mpira unapita katikati ya miguu yake, New York Mets wanashinda.

Niliijua sehemu hiyo, nilikuwa nimeitazama. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

VJ alinyamaza kidogo, nadhani hata yeye alishtuka. Kisha kazi ikamshinda ubinadamu. Akasogeza maikrofoni mdomoni: "Wapenzi watazamaji... kumbe na Marekani wana Daraja lao!" Kibanda kililipuka. Watu walipiga mabenchi. Wengine waligeuka nyuma kutazama, kwa hiyo ambao hawakuwa wamemwona sasa walimwona. Na filamu, kwa kuwa ndivyo filamu za namna hii zinavyotengenezwa, iliurudisha ule mpira. Polepole. Kwa pembe nyingine. Tena. Kila ulipopita katikati ya miguu ya Buckner, jina lilipigwa kelele, watu wakawa wanahesabu.

Kipa alicheka pia. Nilimwona akicheka, nikatulia. Nikadhani basi, ameyapokea kama utani. Mwalimu mzima wa miaka kumi na sita darasani, bado sikukumbuka mtoto anayecheka na wanaomcheka huwa anafanya nini.

Sehemu ya Bartman ilipofika kibanda kilibadilika. Watu waliona jukwaa zima likimwimbia matusi, bia zikimwagwa, walinzi wakimtoa amefunika uso. Mlinzi mmoja wa kike alimbadilisha mavazi na kumficha nyumbani kwake usiku ule. Akina mama wawili wanaouza karanga mlangoni waliingia ndani kabisa kusikiliza. "Kosa lake nini sasa?" mmoja aliuliza kwa sauti. "Si ameshika mpira tu?" VJ akaacha utani. Na mimi nikaongezea jambo ninalolijua kuhusu kisa hicho: gazeti la Chicago lilichapisha jina la kijana huyo na mahali anapofanya kazi, gavana wa Illinois, Rod Blagojevich, akatania kwamba Bartman akifanya kosa asitegemee msamaha wake, na gavana wa Florida, Jeb Bush, akamtania kwa kumwahidi hifadhi. Neno hifadhi, hapa Arua, halihitaji VJ. Tunapakana na kambi za wakimbizi, watu wanajua karatasi zake na foleni zake. Walicheka kicheko kingine, cha huruma.

(Blagojevich mwenyewe aliingia gerezani mwaka 2012 kwa rushwa, Donald Trump akamfupishia kifungo 2020 na kumsamehe kabisa 2025. Sikulisema hilo kibandani. Ningekuwa nimepoteza mada, lakini naona raha kuliandika hapa.)

Taa zilipowashwa nilisimama mbele. Nilikuwa na daftari langu la mechi mkononi, nimepanga kusoma dakika zote, ya 20, ya 51, ya 70. Nikauliza: "Na sisi je?" Nikanyoosha mkono kuelekea benchi la mwisho. Halikuwa na mtu. Mwenye kibanda aliniambia baadaye kwamba aliondoka kabla Bartman hajaonekana.

Kukawa kimya. Hatimaye mzee mmoja, mstaafu wa jeshi anayekaa mstari wa mbele kila siku, alisema, "Mwalimu, huyo kijana wa Chicago ni mtu wa kwao. Watamrudisha wakitaka. Huyu wetu arudi wapi? Kwake ni ng'ambo." Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda hospitali. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakatoka. Kesho yake asubuhi jina lilikuwa limepanda cheo. Sasa ni Daraja la Boston.

Nilichokisoma vibaya

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani watu hawana habari kamili. Nilijiandaa kama wakili: hapa pana penalti iliyopaishwa, hapa pana mabeki wanaobishana, hesabuni wenyewe. Lakini hizo habari walikuwa nazo. Hata Chicago walikuwa nazo usiku ule ule. Dakika chache baada ya mpira wa Bartman, Miguel Cabrera alipiga mpira wa chini uliokwenda moja kwa moja kwa Alex Gonzalez, mchezaji wa Cubs mwenye mikono ya kuaminika. Ungedakwa vizuri ungeweza kuimaliza zamu yote. Ukamponyoka. Watu zaidi ya elfu thelathini waliuona. Na Boston vilevile: mpira ulipompita Buckner, matokeo yalikuwa yamekwisha kusawazishwa na makosa ya wengine, na bado kulikuwa na mechi ya saba, ambayo Red Sox waliongoza 3-0 wakapoteza. Mtu aliyeangushiwa jumba bovu hateswi na watu wasioona nyufa za jumba. Wanaziona. Wengi wao ndio waliolijenga.

Fikiria nani aliongoza kicheko kibandani. Mshambuliaji aliyepaisha penalti alikuwa mstari wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa akihesabu marudio kwa sauti kubwa kuliko wote. Nahodha, mmoja wa wale mabeki wawili, ndiye niliyekuja kujua baadaye kwamba alianza kulitumia jina la Daraja siku ya nyama. Siwasemi kwa chuki. Kama jina lingehama kidogo tu, lingetua kwao.

La pili ni filamu zenyewe. Filamu ya kumtetea mtu aliyekosea haina budi kulionyesha kosa. Bila kosa haina hadithi. Kwa hiyo inakuambia "msimhukumu kwa sekunde mbili hizi" huku inakuonyesha sekunde mbili hizo tena na tena, polepole, kwa muziki. Maneno yanakwenda huku, jicho linakwenda kule, na kibandani jicho ndilo linaloshinda, hasa maneno yakiwa yanapitia kwa VJ anayelipwa kwa kicheko. Simlaumu VJ sana. Nilimpa kazi bila kukaa naye hata nusu saa. Angejua nani yuko benchi la mwisho na kwa nini, huenda angechagua neno jingine. Huenda.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi, na ni la yule mzee. Nilichagua filamu ambayo mtu wake ni shabiki wa timu ile ile, mzaliwa wa pale pale, anayefanana na wanaomzomea. Nikaichagua kwa makusudi ili ugomvi wa utaifa usiingie. Kumbe nilikuwa nimekiondoa kile hasa kilichokuwa kikitokea mtaani. Kwetu tobo lilikuwa kisingizio kizuri. Aliyepigwa tobo alikuwa mtu asiye na shangazi sokoni wa kumtetea, asiye na kaka kwenye kamati.

Ningalipaswa kuleta kisa cha Moacir Barbosa, kipa wa Brazil. Tarehe 16 Julai 1950, Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili iwe bingwa wa dunia. Ikaongoza 1-0, ikafungwa 2-1, bao la pili likiwa la Alcides Ghiggia dakika ya 79, mpira ukipita kati ya kipa na nguzo ya karibu. Kati ya wachezaji wote wa Brazil, waliobebeshwa lawama zaidi ni watatu: Barbosa, Bigode na Juvenal. Wote watatu walikuwa weusi. Barbosa alikuja kusema kwamba kifungo kirefu kuliko vyote nchini mwake ni miaka 30, naye ametumikia 50 kwa kosa lisilo lake. Alifariki Aprili 2000. Kisa hicho, kwa kipa, kwa mpira wa miguu, kwa mtu ambaye "wetu" yake ina masharti, kisingehitaji kwepena kukieleza. Na England tuliwaona wenyewe kibandani hapa hapa, Julai 2021: Rashford, Sancho na Saka walikosa penalti dhidi ya Italia, na kabla hatujafika nyumbani simu zilikuwa zimejaa matusi ya rangi waliyokuwa wakitupiwa.

Msamaha unauzwa bei gani

Tuliendelea kubishana wiki nzima chumba cha walimu. Mwenzangu wa hisabati alikuwa na nadharia ya akiba: mtu mwenye sifa nyingi benki anaweza kutoa kosa moja bila kufilisika. Akatoa mfano wa Denis Onyango, kipa wa timu yetu ya taifa. Januari 2017, Kombe la Afrika kule Gabon, Misri walitufunga 1-0 dakika ya 89, mpira wa Abdallah El Said ukampita Onyango, na nani alimpa Onyango jina baya? Hakuna. Alikuwa ametoka kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Akiba.

Nadharia nzuri, ila Buckner anaivunja. Misimu 22, mipigo 2,715 iliyofanikiwa, mpigaji bora wa ligi yake mwaka 1980. Akiba ya tajiri. Ilifutwa na mpira mmoja. Asamoah Gyan wa Ghana naye: penalti ya dakika ya mwisho dhidi ya Uruguay, Kombe la Dunia la 2010, iligonga mwamba, sawa, lakini muda mfupi baadaye ilipoanza mikwaju alikuwa wa kwanza wa Ghana kwenda kupiga, akafunga. Muulize yeyote kama anaikumbuka ile ya pili.

Mimi nilikuwa na nadharia ya kombe, kwamba msamaha hununuliwa kwa ushindi. Buckner alirudishwa Fenway Park, uwanja wa Boston, Aprili 2008 kurusha mpira wa ufunguzi, uwanja mzima umesimama kumpigia makofi. Kwa wakati huo Boston walikuwa wameshachukua ubingwa 2004 na 2007. Bartman alipewa na klabu pete ya ubingwa mwaka 2017, baada ya Cubs kushinda 2016, miaka 108 tangu mara ya mwisho. Hakuna ukweli mpya uliogunduliwa katikati. Mkanda ni ule ule. Walioshiba tu ndio waliokuwa na nafasi ya kusamehe. Hata sisi: Oktoba 2012 pale uwanja wa Namboole, tukitafuta kufuzu Kombe la Afrika, tuliwafunga Zambia, mabingwa wa Afrika wa mwaka huo, 1-0, tukawa sawa nao kwa jumla, wakatutoa kwa mikwaju ya penalti 9-8. Kwa miaka watu walimtaja aliyekosa, wala simtaji hapa. Septemba 2016 Farouk Miya alipowafunga Comoro tukarudi Kombe la Afrika baada ya miaka 39, lile jina likatoweka vinywani.

Mwenzangu akanijibu kwa neno moja: Barbosa. Brazil walichukua Kombe la Dunia 1958, 1962, 1970 na 1994, mara nne, yeye akiwa hai. Walishiba kuliko taifa lolote, na bado hakupewa chochote. Nikanyamaza. Labda kombe linanunua msamaha wa yule ambaye watu wana hamu ya kumrudisha, na yule mzee wa jeshi alikuwa ameshalisema bila kutaja kombe hata moja.

Pete yetu

Mwezi wa Machi kamati ilikaa. Timu ilihitaji kipa. Aliyechukua nafasi alikuwa mrefu lakini anaogopa mpira. Nilisimulia habari ya pete ya Bartman, ambayo haimo kwenye filamu kwa kuwa ilitolewa miaka sita baadaye. Ikawagusa. Nahodha, huyo huyo, akapendekeza tumfanyie kipa sherehe: jezi yenye jina lake halisi mgongoni, soda, hotuba ya mwenyekiti, picha. Watu wakachangamka. Bajeti ikafika laki mbili. Nikaona sasa kitu kimeanza kusogea, nikajitolea kwenda kumpelekea habari.

Nilimkuta stendi chini ya mwembe, anafuta pikipiki. Nilimweleza yote, sherehe, jezi, picha. Nikamwomba radhi pia kwa ile Alhamisi, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufuta.

"Mwalimu," alisema, "nashukuru. Ile jezi muiache. Ile soda munywe. Munipatie feza yangu ya glavu."

Elfu sitini. Ahadi ya kabla ya nusu fainali. Mimi mwenyewe niliiandika.

Nilirudi kwenye kamati nikaisema hivyo hivyo. Mwenyekiti alisema ni haki yake kabisa. Mweka hazina alisema hana tatizo, ila malipo lazima yafuate utaratibu, na utaratibu unaanzia kwenye daftari la matumizi la msimu ule, ambalo aliliazimisha kwa mtu. Sherehe iliahirishwa. Jezi ilishachapishwa, imening'inia kibandani nyuma ya projekta, jina mgongoni, namba 1. Daftari bado halijapatikana.